Babu, Mbona Sivioni?



Anayeijua Chake Chake hana haja ya kuelezwa Tibirinzi inavyokuwa siku za Sikukuu ya Idi. Watoto humiminika kutoka kila upande wa kisiwa, nguo mpya, viatu vinavyobana, sarafu mkononi zimeshikwa kama roho. Kiwanja cha kufurahishia watoto hujaa bembea, kelele, vumbi na wauza vitu. Huku ubuyu, kule malai, pale kashata. Mimi nilizaliwa Tibirinzi, na sasa nikiwa mtu mzima mwenye mvi, kazi yangu ya Idi ni kushika mkono wa mjukuu na kutoa pesa mfukoni.

Idi moja karibuni, mjukuu wangu wa kike mwenye umri wa miaka sita aliangusha kashata yake ya nazi katika vumbi, hatua chache tu kutoka bembea. Akaiokota, akaipuliza mara moja, fuu, akaipeleka mdomoni. Nikamshika mkono.

"Usile, mwanangu. Ina vijidudu."

Akaigeuza kashata upande huu na upande ule, akaikagua kama mama anayechagua kanga dukani. Kisha akaniangalia usoni.

"Babu, mbona sivioni?"

"Ni vidogo sana."

"Wewe umeviona?"

Zamu yake ya bembea ikafika, nami nikanusurika. Nilimnunulia kashata nyingine, tukarudi nyumbani. Lakini swali halikubaki kiwanjani, lilinifuata hadi kitandani. Leo, kwa idhini yako, nataka nilijibu. Katika kulijibu itanilazimu nikupitishe kwenye historia fupi ya jambo ambalo watu wengi wa mijini hawalijui. Kisiwa chetu hiki kidogo cha Pemba kiliwahi kuwa darasa ambamo dunia nzima ilijifunza juu ya viumbe wasioonekana, na walimu wa darasa hilo walikuwa watoto.

Kwanza nirudi nyuma, nilipokuwa mimi mwenye umri wa mjukuu wangu.

Sisi watoto wa miaka ya 50 na 60 tulikuwa na maji yetu. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na kila bonde lina kijito chake, dimbwi lake na konde za mpunga. Huko ndiko mama zetu walikofua, ndiko tulikooga, ndiko tulikojifunza kupiga mbizi. Wazee hawakupenda twende peke yetu, nao walikuwa na njia yao ya kutukataza. Walituambia dimbwi lina shetani. Mchana wa jua kali ndipo anapotoka, na mtoto anayeingia majini saa hizo humshika mguu.

Nawaheshimu wazee wangu, wala siwacheki. Jua kali la mchana ndilo hasa wakati ambao maji yale yalikuwa na hatari kubwa zaidi, nitakavyoeleza. Sijui kama walilijua hilo kwa kuangalia au kwa kubahatisha. Lakini shetani ana udhaifu mmoja. Mtoto akiingia majini mara tatu asishikwe mguu, shetani amekufa. Na wetu alikufa mapema sana. Kaka yangu, aliyenizidi miaka mitatu, ndiye aliyemuua. Aliruka katikati ya dimbwi adhuhuri, akajitokeza anacheka. Kuanzia siku ile tuliogelea kila siku.

Baada ya muda tukaanza kukojoa damu. Hatukumwambia mtu. Katika kundi letu la wavulana tuliamini kwamba ile ndiyo alama ya mvulana kuwa mwanamume, kama vile wasichana wanavyokuwa na alama yao. Aliyekuwa bado hajaona damu alichekwa. Nakumbuka nilivyofurahi ilipofika zamu yangu. Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi hatukuyaficha kwa aibu, tuliyaficha kwa fahari.

Jina la maradhi hayo, kama unavyojua, ni kichocho.

Sasa niruhusu nivuke bahari kidogo, maana ujinga wetu wa dimbwini haukuwa wetu peke yetu. Mwaka 1676, katika mji wa Delft huko Uholanzi, mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Antoni van Leeuwenhoek alitaka kujua kwa nini pilipili manga inawasha. Aliiroweka majini, akaiacha, kisha akayaangalia maji yale kwa kioo kidogo alichokisaga mwenyewe. Siri ya ukali wa pilipili hakuiona. Aliona viumbe hai wanaogelea, wadogo mno, wengi mno. Akaandika barua kwa wataalamu wa London. Nao wakasema, kwa lugha yao, kama alivyosema mjukuu wangu: mbona hatuvioni? Ikambidi apeleke ushahidi wa watu waheshimiwa waliochungulia kwa macho yao, na ilipofika mwaka 1677 wataalamu wa London wenyewe wakafanikiwa kuvionyesha.

Lakini kuona ni jambo moja na kuelewa ni jingine. Kutoka barua ile hadi watu kukubali kwamba viumbe hao wanaweza kuua binadamu, ilipita karibu miaka 200. Chukua kipindupindu. Kilifika Zanzibar zaidi ya mara moja katika karne ya 19, na mlipuko wa 1869 na 1870 ulikuwa wa kutisha. Wakati huo palikuwa na daktari mmoja wa Kiskochi, James Christie, aliyekuwa akiishi mjini Unguja. Alihoji wenye misafara, mabaharia na wafanyabiashara, akafuatilia njia ya maradhi kutoka bara, kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, na kuvuka hadi visiwani. Mwaka 1876 alichapisha kitabu kizima juu ya milipuko ya kipindupindu ya Afrika Mashariki. Aliijua njia iliyopitiwa na muuaji, kituo kwa kituo, na muuaji mwenyewe hakumwona. Ajabu ni kwamba kilikuwa kimekwisha onekana. Mtaliana Filippo Pacini alikiona kijidudu cha kipindupindu kwa hadubini huko Florence mwaka 1854, akaandika, wala wenziwe hawakumshughulikia. Hadi Mjerumani Robert Koch alipokitafuta Misri mwaka 1883 na kukithibitisha India mwaka 1884, ndipo dunia ilipoanza kuamini.

Hata kichocho chetu kina hadithi kama hiyo. Mdudu wake aligunduliwa Cairo mwaka 1851 na daktari kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz. Lakini vipi mdudu huyo anaingia mwilini? Wengine walisema kwa kunywa maji, wengine hivi na wengine vile. Ni mwaka 1915 tu, tena huko huko Misri, ambapo Mskochi Robert Leiper alionyesha kwamba lazima apitie kwanza ndani ya konokono wa maji baridi. Miaka 64 kutoka kumwona hadi kumwelewa!

Nayasema haya kwa sababu moja. Mtoto wa miaka sita akisema "sivioni", si mbishi wala mkaidi. Anasema kweli. Mabingwa wa dunia walichukua miaka 200 kuamini, na sisi tunataka mtoto aamini katika muda wa kupuliza kashata.

Turudi Pemba.

Mwaka 1986, kwa ushirikiano wa Serikali yetu, Shirika la Afya Duniani na Wataliana, ilianza kazi kubwa ya kupambana na kichocho kisiwani. Dawa ya vidonge iitwayo prazikwanteli ilikuwa imepatikana, rahisi kumeza, na mahali pa kuigawa palikuwa skuli. Lakini kabla ya kugawa ilibidi kupima. Maelfu ya watoto wakapewa vikopo vidogo. Waliopimwa miaka hiyo, zaidi ya nusu walikutwa na kichocho. Fikiri, msikilizaji: darasa la watoto 40, na 20 au zaidi kati yao wanapoteza damu chooni, au tuseme vichakani, na wengi wao kimya kama tulivyokuwa sisi.

Kisha ikaja zamu ya minyoo ya tumbo. Mnamo 1994 skuli 12 za Pemba ziligawanywa mafungu matatu. Skuli nne watoto walipewa dawa ya mebendazoli mara mbili kwa mwaka, nne mara tatu, na nne zikasubiri hadi mwaka umalizike ili ipatikane tofauti. Wataalamu walikuta kwamba safura, ile minyoo midogo inayopenya kwenye nyayo za mtoto asiyevaa viatu na kwenda kunyonya damu utumboni, ilikuwa imewaingia karibu watoto wote. Katika watoto zaidi ya 3,500 waliopimwa damu, karibu 62 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu. Yule mtoto anayesinzia darasani, anayeitwa mvivu na kupigwa bakora, mara nyingi alikuwa mtoto anayenyonywa.

Dawa ilisaidia, ilipunguza damu iliyokuwa ikipotea. Lakini lilionekana jambo jingine ambalo linatuhusu leo. Katika utafiti uliofanywa hapa hapa Pemba, watoto waliotibiwa walikutwa baada ya miezi sita tu wengi wao wameambukizwa tena. Kidonge kilisafisha tumbo, hakikusafisha uwanja. Mtoto alitoka skuli akiwa mzima, akarudi kwenye ardhi ile ile, kichaka kile kile, mguu ule ule mtupu.

Mwaka 2000 ikafunguliwa Wawi, hapa Chake Chake, Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, bingwa wa Kitaliana wa vimelea aliyefariki mwaka 1993. Mwaka uliofuata, 2001, nchi za dunia zilizokutana katika Mkutano Mkuu wa Afya mjini Geneva zilikubaliana kwamba watoto wa skuli wasiopungua 75 katika kila 100 walio katika hatari wapatiwe dawa ya minyoo mara kwa mara. Katika ushahidi uliotegemewa miaka hiyo, wa Pemba ulikuwa na uzito wake. Kikopo cha mtoto wa Pemba kilikuwa kimefika mbali kuliko mtoto mwenyewe.

Lakini je, mtoto mwenyewe alifundishwa nini? Alijua kwa nini anaombwa kikopo? Hapo ndipo ninapotaka kukusimulia siku niliyoviona.

Nilikuwa mwalimu wa skuli ya msingi katika miaka ya 90. Jamaa yangu mmoja alikuwa mpimaji wa maabara, mtu wa vijijini, mpole, asiye na maneno mengi. Siku moja nilimlalamikia kwamba watoto hawataki kumeza vidonge. Wazazi wengine wameeneza kwamba ni dawa za kuzuia kizazi, na wengine wanasema kichocho hakipo. Akanisikiliza, kisha akasema: "Nitakuja na chombo changu."

Akaja kwa baiskeli, hadubini imefungwa ndani ya kanga mbili kama kichanga. Akaiweka dirishani ipate mwanga wa jua, maana darasa halikuwa na umeme. Katika mkoba alikuwa na kichupa cha mkojo wa mtoto ambaye hakumtaja jina wala skuli. Akachuja kidogo, akatia tone kwenye kioo, na watoto wakapanga foleni.

Nilichungulia wa kwanza, kama ilivyo haki ya mwalimu. Niliona mayai. Marefu kidogo, ya manjano hafifu, kila moja na mwiba mmoja kwenye ncha. Nikauelewa mwiba ule kwa mwili wangu kabla ya akili yangu. Ndio uliokuwa ukitukata tulipokuwa tukikojoa damu kwa fahari.

Kisha jamaa yangu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akaongeza matone ya maji safi ya kisima, akasema tusubiri. Mayai ya kichocho hukaa kimya ndani ya mkojo, lakini yakikutana na maji baridi na mwanga, huamka. Baada ya dakika chache yai moja likapasuka, na kitoto kikachomoka, kimezungukwa na nywele ndogo ndogo, kikaanza kwenda mbio huku na huku kama mwanafunzi aliyechelewa kengele. Watoto wakapiga kelele. Kila mmoja alitaka kuona. Waliokwisha ona walirudi nyuma ya foleni ili waone tena.

"Anatafuta nini?" akauliza mmoja.

"Konokono," akajibu jamaa yangu. "Ana saa chache tu za kuishi. Akimpata konokono wake, ataingia na kuzaana humo. Wakitoka watakuwa maelfu, na hutoka zaidi mchana, jua likiwa kali. Wakimkuta mtu majini, hupenya ngozi kwa dakika chache, wala mtu hasikii."

Darasa likatulia. Shetani wa adhuhuri alikuwa amefufuka, safari hii ana umbo.

Kisha mvulana mmoja wa mstari wa mbele akauliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza katika maisha yangu yote: "Na majini aliingiaje?"

Jamaa yangu hakujibu. Aliniangalia mimi, nami nikaangalia chini. Kimya kikawa kirefu, hadi msichana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ndogo: "Sisi."

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo penye tofauti ya hadithi mbili. Hadithi ya shetani inamwambia mtoto kwamba ubaya umo majini na yeye ni windo tu. Akimbie, basi. Hadithi ya kijidudu inamwambia jambo zito zaidi: ubaya ule uliingia majini kutoka kwetu. Konokono hana kosa, na maji hayana kosa. Aliyekojoa mtoni ndiye aliyemwambukiza anayeoga mtoni. Shetani humtisha mtoto kwa ajili ya nafsi yake, lakini kijidudu humfundisha kumfikiria mwenzake.

Usiku ule sikulala vizuri. Kaka yangu, yule aliyemuua shetani, alikuwa amekwisha fariki. Alifariki kwa saratani ya kibofu. Daktari aliyemtibu alitueleza kwamba mayai ya kichocho yanayobaki kwenye ukuta wa kibofu miaka na miaka yanaweza kuleta maradhi hayo ukubwani. Hakuna ajuaye yai lipi lililomdhuru kaka yangu lilitoka kwa nani. Dimbwi lilikuwa la watoto wengi. Lakini nami nilikojoa ndani ya dimbwi lile, mara nyingi, nikicheka. Sijilaumu kama mkosaji, maana sikujua. Ninachosema ni kwamba laiti kama mtu mmoja mwenye hadubini ndani ya kanga angepita kwetu miaka ya 50, pengine tungekuwa na la kujua.

Sasa wapo watakaouliza: mtoto mdogo hivyo, si utamtia khofu? Atakataa kula, atakataa kushika mlango. Swali hilo ni la haki. Na wataalamu watanikumbusha kwamba mnyoo wa kichocho aliyekomaa, mwenye urefu wa sentimita moja hivi, si katika vijidudu vidogo wenyewe. Ni kweli. Lakini kwa mtoto mlango ni mmoja, nao ni ulimwengu usioonekana kwa macho matupu. Akishauingia kwa yai la kichocho, atakutana humo na bakteria, hamira na ukungu.

Na humo si kila mkaazi ni adui. Mwanzo mzuri kwa mtoto wa miaka mitano au sita haumo hospitali, umo jikoni. Mwite bibi yake anapochanganya unga wa mchele, tui na hamira kwa ajili ya vitumbua au mkate wa kumimina. Mpe mtoto kikombe cha maji ya vuguvugu, kijiko cha sukari na hamira kidogo. Baada ya muda maji yatafura povu. Mwambie: hao ni viumbe hai, wanakula sukari na kupumua, na pumzi yao ndiyo itakayotoboa matundu kwenye kitumbua chako. Kisha mwonyeshe maziwa yanavyoganda kuwa mtindi. Mtoto aliyekwisha kula kazi ya vijidudu hatawaogopa wote. Atajua kuwa miongoni mwao wamo majirani na wamo wezi, kama ilivyo mtaani.

Baada ya hapo mpe vipande viwili vya mkate. Kimoja akishike kwa mikono iliyotoka kucheza, kingine akishike baada ya kunawa kwa sabuni. Kila kimoja kiwekwe kwenye mfuko wake uliofungwa vizuri, juu ya kabati. Waachie siku kadhaa waangalie, bila kufungua. Ukungu ukiota, mara nyingi wa mikono michafu ndio hutangulia. Usimwambie jibu mapema. Mwache angoje, kama Leeuwenhoek alivyongojea pilipili yake. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje kwa macho yake mwenyewe.

Katika skuli zetu pia wapo waliolifikiria jambo hili. Unguja kilitumika kijitabu cha picha kiitwacho Juma na Kichocho, kuwaeleza watoto wa skuli za msingi maradhi hayo kwa hadithi, na athari zake zikapimwa. Baadaye, kati ya 2011 na 2017, ulifanyika mradi mkubwa wa kujaribu kukiondoa kabisa kichocho Unguja na Pemba. Baadhi ya shehia zilipewa vidonge peke yake, nyingine vidonge pamoja na kuua konokono, na nyingine vidonge pamoja na elimu. Elimu hiyo haikuwa maneno matupu. Walimu walifundishwa kusomesha kwa michezo na vitendo, zikajengwa sehemu za kukojolea maskulini na majukwaa ya kufulia nguo mbali na mto, na watoto wakaonyeshwa michezo ya kucheza nchi kavu.

Nalipenda sana hilo la mwisho. Ukimkataza mtoto mto bila kumpa mchezo mwingine, umemkataza utoto. Ukimfundisha vijidudu vya mkononi bila kumpa maji ya bomba na sabuni, umemfundisha khofu. Elimu bila choo ni mzaha, na choo bila elimu hugeuka ghala la kuni.

Matokeo yalikuwaje? Hadi mwaka 2017 kichocho Pemba kilikuwa kimeshuka chini ya watoto 5 katika kila 100. Kutoka zaidi ya nusu hadi huko, ni safari ya miaka 30 inayostahili kushangiliwa. Lakini hakikutoweka. Yalibaki mabonde ambamo kila kinapozimwa huwaka tena, kama moto wa makumbi. Kinachobaki sasa si kazi ya vidonge peke yake. Ni kazi ya yule msichana wa nyuma aliyesema "sisi".

Nimalizie nilikoanzia. Siku ya pili ya Idi ile, mjukuu wangu alinikumbusha. Watoto hawasahau deni. "Babu, hukunijibu. Umeviona wewe?"

Nikamweka pajani, nikamweleza yote. Nikamweleza hadubini ndani ya kanga, yai lenye mwiba, na kitoto chenye nywele kinachokwenda mbio. Nikamweleza dimbwi. Akasikiliza, mdomo wazi, kisha akauliza: "Na wewe ulikuwa unakojoa mle?"

Ningeweza kusema hapana. Angeniamini.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nilikuwa nakojoa mle."

Akafikiri kidogo. Akateremka pajani, akaenda kwenye ndoo, akateka maji kwa kata, akanirejea nayo pamoja na kipande cha sabuni.

"Basi nawa, babu," akasema. "Tunakwenda tena Tibirinzi."

Nikanawa. Hadi juma lijalo panapo majaaliwa, kwaherini.